Maonyesho ya Biashara ya Vifaa vya Shabaha: Je, Nauli Hurudi? Maswali ya Wenye Maduka wa Malindi na Lamu

Ninauza tochi, darubini, buti na sare za walinzi hapa Malindi. Wateja wangu ni mahoteli, kampuni za ulinzi, waongozaji watalii wa Watamu na manahodha wa boti. Kila mwaka ukielekea ukingoni maswali huanza: twende Las Vegas? Twende Nuremberg? Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi mara kwa mara, na nimeyajibu kwa jicho la mwenye duka wa pwani, si la mfanyabiashara wa silaha wa Nairobi. Yeye ana hesabu zake.

Kwa ufupi, inafaa au haifai?

Kwa wengi wetu, kwenda peke yako kutazama tu haifai. Fedha hiyo itazaa zaidi ikibaki dukani. Inafaa pale ambapo tayari una mteja anayengoja mzigo, una mtaji wa kuweka oda bila kutikisa duka, na kuna mazungumzo ambayo barua pepe imeshindwa kuyamaliza. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Bei unaweza kuipata ukiwa umeketi barazani kwako. Kumfanya mgeni akukabidhi jina la kampuni yake ulitumie katika mji asioujua, hilo linataka muonane uso kwa uso.

Ni maonyesho gani hasa?

Makubwa ni mawili. SHOT Show hufanyika Las Vegas, Marekani, kila Januari. Yalianza 1979 mjini St. Louis, na mwenyewe ni National Shooting Sports Foundation, chama cha biashara cha watengenezaji na wauzaji wa silaha na vifaa vya shabaha. Waonyeshaji wake hupita 2,000 na wanaohudhuria hupita 50,000. Ya pili ni IWA OutdoorClassics ya Nuremberg, Ujerumani, iliyoanza 1974. Hufanyika mwishoni mwa Februari au mapema Machi, na waonyeshaji wake hupita 1,000.

Yote mawili hayafunguliwi kwa umma. Usiyafikirie kama shoo ya Mkomani kule Mombasa, ambako mtu hulipa langoni akaingia na watoto na kurudi nyumbani na miche ya miembe. Huku unajisajili mapema na kuthibitisha kwamba kazi yako ni hiyo. Kwa hapa kwetu, vielelezo vya kuanzia ni leseni ya biashara ya kaunti, cheti cha usajili wa kampuni na PIN ya KRA. SHOT Show haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 16, wala huruhusiwi kununua kitu ukumbini ukaondoka nacho. Unaenda kuzungumza na kukubaliana. Mzigo unafuata baadaye.

Kenya hakuna uwindaji. Tutafuata nini huko?

Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na haujarudi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utakachokiona katika kumbi zile haina mnunuzi hapa: bunduki za kuwindia, viti vya kujificha juu ya miti, filimbi za kuwaita kulungu, nguo za theluji. Jirani zetu wa Tanzania wanao uwindaji wa leseni, kwa hiyo mwenye duka wa Arusha ana sababu ya kusimama hapo. Wewe wa Malindi pita.

Kinachotuhusu kimewekwa kandokando ya hayo, na ni kingi. Naanza na darubini, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kampuni zinazomtengenezea mwindaji wa Ulaya darubini ndizo hizo hizo zinazomtengenezea mtazamaji wa ndege: Swarovski Optik, Zeiss, Leica, Steiner, Meopta, na nyingine nyingi za bei ya chini yao. Sasa tazama kwetu. Msitu wa Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420. Ndani yake yumo yule bundi mdogo wa Sokoke ambaye mgeni hupanda ndege kutoka ng'ambo kuja kumwona, na yumo kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti yetu ya Kilifi. Mgeni huja na darubini ya bei ya pikipiki. Mwongozaji wetu, ambaye ndiye anayemjua bundi amelala mti gani, ameshika darubini iliyoingia ukungu kwa unyevu wa bahari, na upande mmoja hauzunguki.

Kijana huyo anahitaji darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, isiyopitisha maji, iliyojazwa nitrojeni ndani ili lenzi zisifanye ukungu, ya bei ya kati, na yenye dhamana ambayo mtu ataiheshimu ikiharibika. Hakuna anayemletea kwa mpango. Anaokota mtandaoni, anauziwa bandia, anaanza upya. Duka la Malindi linaweza kuliziba pengo hilo, na sioni kwa nini tungoje Nairobi itufanyie.

Halafu kuna kamera za kutega porini, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Huko huuzwa hasa kwa wawindaji, lakini hapa wanaozihitaji ni watafiti na vikundi vya jamii vinavyolinda misitu. Kuna tochi, buti, mikoba, vizibo vya masikio na miwani ya kinga kwa mafundi. Walinzi wa kampuni binafsi hapa Kenya hubeba rungu na tochi, si bunduki, kwa hiyo tochi ndiyo kifaa chao kikuu cha kazi, na anayewauzia tochi inayozima saa nane za usiku anawahatarisha. Kuna pia pinde na mishale ya mchezo, ambayo hoteli zinaweza kuiweka kwa wageni. Soko hilo ni dogo, lakini lipo.

Safari itanila kiasi gani?

Ada ya viza ya biashara ya Marekani ni dola 185, karibu shilingi 24,000. Ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, kwa mtu mzima ni yuro 90, kama shilingi 13,500. Zote hazirudishwi ukinyimwa. Kwa Schengen ongeza bima ya safari ya kima kisichopungua yuro 30,000. Tikiti na malazi hubadilika kila wiki, kwa hiyo sitakutajia. Uliza mwenyewe, uandike kwenye daftari jumla iliyo kamili pamoja na chakula, nauli za ndani, zile siku za Nairobi za kupeleka maombi ya viza na mauzo utakayopoteza duka likiwa mkononi mwa mtu mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukishapata jumla, igawe kwa faida utakayoongeza katika kila kipande. Nitatoa mfano wa tarakimu za kubuni. Tuseme safari nzima inakula shilingi 450,000. Tochi unayoinunua kwa muuzaji wa jumla wa Nairobi kwa 1,800, ukiitoa kiwandani mwenyewe inafika dukani kwa 1,450 baada ya ushuru na kila kitu. Umeokoa 350. Gawanya: ni lazima uuze tochi 1,286 kabla nauli haijarudi. Je, unaziuza hizo kwa mwaka? Kwa miaka mingapi? Sasa chukua darubini ambayo unaokoa 6,000 kwa kila moja. Hapo nauli inarudi ukiuza 75. Ndiyo maana nasema mtu asifunge safari kwa ajili ya tochi peke yake. Safari hulipwa na bidhaa ya bei kubwa inayouzwa kwa nadra. Tochi na buti zinapanda mgongoni mwake.

Usisahau kwamba bei ya kiwandani si bei ya dukani. Kuna usafirishaji hadi Kilindini, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, VAT ya asilimia 16, ada za uagizaji, wakala wa forodha, na lori la kilomita kama 120 hadi Malindi. Mpe wakala wako wa forodha orodha ya bidhaa kabla hujasafiri, akupe makadirio ya kila moja. Mtu anayebishana bei ukumbini bila makadirio hayo anabishana gizani.

Las Vegas au Nuremberg?

Nuremberg, bila kusita.

Las Vegas ni mbali, saa zake ziko nyuma ya zetu kwa saa 11 mwezi Januari, na hoteli nyingi hutoza ada ya ziada ya kila usiku juu ya bei uliyoiona mtandaoni. Tena soko la SHOT Show hasa ni la Wamarekani: wauzaji wa mle ndani wanafikiria maduka ya Texas, si ya Barabara ya Lamu. Zaidi ya hayo, Marekani ina sheria kali za kusafirisha nje vitu vya aina hii. Si bunduki tu. Hata darubini za kufunga juu ya bunduki na vifaa vingi vya kuonea gizani vinahitaji leseni ya serikali yao kabla ya kuondoka nchini. Unaweza kukubaliana leo na mzigo ukakwama miezi.

Nuremberg tofauti ya saa ni mbili tu wakati huo wa mwaka. Unashuka Frankfurt, treni ya saa mbili na kitu inakufikisha. Reli ya chini ya ardhi, mstari wa U1, inasimama mlangoni mwa maonyesho, kituo kinaitwa Messe. Hoteli za katikati ya mji hupandisha bei siku hizo, kwa hiyo lala Fürth, mji wa jirani, ambako mstari huo huo unapita. Wafanyabiashara unaowakuta pale wamezoea wateja wa nchi ndogo na oda ndogo. Wazungu wa viwanda vidogo, Waturuki, Waitaliano na Wacheki, hao ndio watu wetu.

Sijui Kijerumani, na Kiingereza changu cha biashara kinasuasua.

Unajua Kiitaliano?

Nauliza kwa dhati. Malindi imejaa watu waliojifunza Kiitaliano ufukweni, mahotelini na jikoni, na wengi hawakihesabu kuwa elimu. Mji wa Gardone Val Trompia, karibu na Brescia, ni kitovu cha watengenezaji wa silaha wa Italia. Beretta ni ya huko, na kumbukumbu zake zinaanzia 1526. Eneo la Montebelluna, kule Veneto, linajulikana kwa viatu na buti za mlimani. Waitaliano huwa wengi IWA. Fundi wa buti wa Veneto akisikia Mwafrika anamsalimu kwa lugha yake, na kwamba anatoka Malindi, pengine mjomba wake amewahi kuja likizo hapa, mazungumzo hubadilika palepale. Nairobi hawana hilo. Ukimtuma mtu kwa niaba ya kikundi, mtume anayezungumza Kiitaliano hata kama si yeye mwenye duka kubwa.

Viza inapatikana?

Omba mapema, miezi mitatu kabla, na uwe na barua ya usajili wa maonyesho, taarifa za benki za miezi kadhaa, leseni ya duka na barua pepe mlizoandikiana na waonyeshaji. Hizo barua pepe zina nguvu, kwa sababu zinaonyesha kuna watu wanaokungoja kwa kazi. Alama za vidole hutolewa ana kwa ana, kwa hiyo panga safari ya Nairobi.

Januari hadi Machi ndio msimu wetu. Nitafungaje duka?

Hili ni tatizo la kweli. Kaskazi imetulia, Waitaliano wamejaa, boti zinatoka kufuata sulisuli, na hoteli zinanunua. SHOT Show huangukia katikati ya msimu, na IWA karibu na mwisho wake. Mwenye duka asiye na mtu wa kumwamini kaunta asiende, hata akipewa tikiti ya bure.

Ramadhani nayo iangalie kwenye kalenda. IWA ya 2025 ilianza 27 Februari ikaisha 2 Machi, mwezi ukaandama siku za mwisho. Msafiri ana ruhusa yake, lakini anayetaka kufunga ajue kwamba kumbi ni kubwa na kutembea ni kwingi. Chakula cha halali hakisumbui, kwani Waturuki ni wengi katika miji ya Ujerumani na wana mikahawa yao.

Nifanye nini ili mtengenezaji anichukulie kwa uzito?

Hapa ndipo safari hushinda au hushindwa, na hutokea kabla hujapanda ndege.

Miezi miwili kabla, chukua orodha ya waonyeshaji, ambayo hutolewa mtandaoni, uchague wasiozidi 15. Waandikie kila mmoja barua fupi: wewe ni nani, duka liko wapi, unamuuzia nani, unataka bidhaa gani kwa majina yake, na kwa mwaka unakisia utauza ngapi. Usizidishe. Mtu wa mauzo ya nje ameshaona barua nyingi za watu wanaodai wataagiza makontena. Anayemwandikia kwamba ana waongozaji 20 wanaotaka darubini hizi, na hoteli tano zinazobadilisha tochi kila mwaka, anamwamini zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo mwenye duka wa kweli anavyoongea.

Katika barua hiyo uliza swali hili: je, mna wakala Kenya? Hili liulize la kwanza kabisa. Kampuni nyingi zimeshampa mtu mmoja wa Nairobi haki ya kuuza nchi nzima, na mkataba hauwaruhusu kukuuzia wewe. Wapo waliosafiri bara zima na kuambiwa, kwa adabu sana, warudi wakamwone fulani wa Nairobi, umbali wa usiku mmoja wa basi kutoka nyumbani kwao. Jibu hilo lilikuwa linapatikana bure.

Lakini wakala akiwepo, mazungumzo hayajafa. Hapo ndipo safari inaweza kuwa na maana kuliko kawaida. Wakala wa Nairobi aghalabu anajali silaha na kampuni kubwa za ulinzi. Darubini za ndege hazimshughulishi. Unaweza kumwomba mtengenezaji akutenganishie pwani: Kilifi, Tana River na Lamu, kwa darubini na kamera tu, bidhaa zikipita kwa wakala kwa bei iliyokubaliwa baina yenu watatu. Jambo hilo ni zito kuliandika kwa barua pepe, maana kila mmoja anaogopa kumkosea mwenzake. Mkiwa mmeketi meza moja na ramani mbele yenu, linaweza kumalizika kabla chai haijapoa. Bebeni ramani. Mtu wa Bavaria, jimbo la Nuremberg, hajui kwamba kutoka Nairobi hadi Lamu ni safari ya kutwa na zaidi kwa gari, na kwamba darubini ikiharibika Watamu hakuna atakayeipeleka Nairobi kwa dhamana.

Ukishakaa naye, mambo ya kupata kwa maandishi ni haya: oda ya chini kabisa ni vipande vingapi, na je, anaweza kuipunguza kwa oda ya kwanza, bei ni ya mlangoni kwake au ni ya kufikishwa Mombasa, amana ni asilimia ngapi, bidhaa ikirudi na kasoro inatengenezwa wapi na nani analipia usafiri. Ulizia pia hati za ubora ambazo KEBS, shirika letu la viwango, hutaka mzigo ukaguliwe kabla haujasafirishwa. Asiyekuwa nazo, au anayekwambia tutaona baadaye, mshukuru uendelee na banda linalofuata.

Je, kuna vitu nisivyopaswa kuagiza wala kubeba?

Vipo, na hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu kosa moja linaweza kukupeleka korokoroni.

Silaha, risasi na sehemu zake ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayeshughulikia vibali ni Bodi ya Leseni za Silaha. Bila leseni ya uchuuzi wa silaha, hizo si biashara yako. Tangu mwisho wa 2018, serikali ilipowataka wenye silaha wote wa kiraia wahakikiwe upya, macho yamekuwa makali zaidi. Usibebe chochote cha jamii hiyo hata kama zawadi: wala ganda tupu la risasi lililofanywa kishikio cha funguo, wala magazini tupu, wala sampuli ya risasi ya plastiki. Mkaguzi wa uwanja wa ndege hana kazi ya kusikiliza hadithi ya maonyesho.

Pilipili ya kupulizia, ambayo huko Ulaya inapangwa rafuni pamoja na tochi, sheria yetu inahesabu kuwa silaha kila chombo kilichotengenezwa kutoa majimaji au gesi yenye madhara. Iache. Bunduki za upepo na vifaa vya kuonea gizani, ulizia Bodi kwa barua kabla hujaandika oda, na uiweke barua yao ya majibu.

Nguo za madoadoa ya jeshi, zile tunazoita jungle, zimejaa Nuremberg kwa bei nzuri. Usiziguse. Sheria za Kenya zinamkataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na mteja wako akikamatwa nazo njiani atakuja kukutafuta wewe. Chukua rangi ya kaki, kijani tupu au kijivu.

Jambo dogo la tochi: betri za akiba za lithiamu husafiri katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku la mizigo.

Niko Lamu. Mambo ni tofauti?

Ni tofauti, kwa usalama na kwa usafiri.

Lamu imebeba mzigo wa usalama ambao Malindi haiujui. Wavuvi walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa, na barabara ya Garsen ina vizuizi ambako mizigo hufunguliwa. Kitu chochote chenye sura ya kijeshi kitakuletea maswali, hata kama kina risiti na ushuru umelipwa. Ningekuwa mwenye duka wa Amu ningeshikilia taa na tochi zisizoingia maji kwa ajili ya wavuvi, rangi ya chungwa au njano, mikoba ya kuzuia maji, na darubini chache za wageni wa Shela. Buti sitaziagiza.

Gharama ya mwisho nayo huwaumiza watu wa Lamu kimyakimya. Mzigo unafika Mokowe kwa lori, unavuka kwa boti, kisha unapanda punda hadi dukani. Kila hatua ina bei yake na kila hatua ina hatari ya maji ya chumvi. Mwombe mtengenezaji afungashe katika makasha madogo yenye plastiki ndani, yasiyozidi kilo 20. Ni ombi jepesi na hufanyiwa kazi.

Kwa hayo yote, mtu wa Lamu asiende peke yake. Ajiunge na wa Malindi.

Tukienda kwa kikundi, tufanyeje?

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa dhati. Maduka matano au sita yachange nauli ya mtu mmoja, kama tunavyochanga katika chama. Anayetumwa lazima awe katika biashara, la sivyo hatasajiliwa. Kila duka liandike kile linachotaka, bei ya juu linayoweza kulipa, na amana liliyoweka benki tayari. Mjumbe anaingia ukumbini na oda ya jumla ya vipande 300 badala ya 50, na hapo ndipo ile oda ya chini iliyokuwa inamfungia kila mmoja nje inafikiwa.

Andikeni makubaliano kabla ya fedha kutoka: uwakala ukipatikana utakuwa wa kampuni ya nani, mjumbe atapata nini kwa kazi yake, anayejitoa katikati anarudishiwa kiasi gani. Vikundi vingi havivunjwi na hasara. Huvunjwa na faida iliyokuja kabla ya maandishi. Mzigo wenyewe usafirishwe katika kontena la kuchangia na wengine hadi Mombasa, mgawane pale kwa wakala wa forodha kwa orodha, si kwa kukisia.

Kwa nini nisiende Guangzhou kama wengine?

Kwa tochi, mikoba na buti za bei ya chini, nenda Guangzhou. Maonyesho yake, yanayoitwa ya Canton kwa jina la zamani la mji huo, yapo tangu 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, na bidhaa za michezo na safari huwekwa katika awamu ya tatu. Wakenya wengi wanaijua njia hiyo na watakusaidia. Darubini nyingi za bei ya kati zinazouzwa duniani hutengenezwa China, na Kunming ni mji mmojawapo wenye viwanda hivyo. Upungufu ni dhamana: mwenye kiwanda anakuuzia, lakini darubini ikirudi na kasoro uko peke yako. Kwa mwongozaji anayeishi kwa darubini moja, hilo ni jambo kubwa.

Mimi si mfanyabiashara, ni mlengaji shabaha wa mchezo. Niende?

Hapana. Hutaruhusiwa kununua, na pengine hutaruhusiwa kuingia. Fedha hiyo ilipie mafunzo, mashindano, na nauli ya kwenda viwanja vya bara kama Kirigiti, Kiambu.

Nina boti ya uvuvi wa michezo. Yananihusu?

Kidogo sana. Uvuvi wa michezo una maonyesho yake; ICAST hufanyika Orlando, Marekani, mwezi Julai, nayo ni ya wafanyabiashara. Julai kusi inavuma na boti nyingi zimepumzika, kwa hiyo muda unakufaa kuliko sisi.

Nikope ili niende?

Usikope kwa ajili ya nauli. Mkopo wa mzigo uliokwisha kupata mnunuzi ni jambo lingine.

Nikirudi nianze na nini?

Ndani ya siku mbili waandikie wote mliokubaliana nao, ukirudia kwa maandishi kila kilichosemwa: bei, idadi, tarehe. Ambatisha picha ya duka lako na picha ya pamoja kama mlipiga. Watu hao wamekutana na mamia, na wiki mbili baadaye hawakumbuki Malindi ni nani na Mombasa ni nani.

Kisha sampuli zitie kazini, zisikae kabatini. Darubini mpe mwongozaji aende nayo Sokoke alfajiri kwa mwezi mzima, tochi mpe mlinzi wa zamu ya usiku, kasha la kuzuia maji mpe nahodha. Waambie wakuletee kila kilichowaudhi: kitufe kigumu, kamba inayokata shingo, kifuniko kinachopotea. Malalamiko hayo yapeleke kwa mtengenezaji kabla hujalipa amana, na umwombe abadilishe kile kinachobadilika katika oda yenu ya kwanza.